Utafiti wako wa kwanza wa lugha hapa Mombasa: uanzie wapi, uende vipi

Kila muhula ukianza naandikiwa na vijana, wengine wa chuo, wengine walimu wanaosoma wakati wa likizo, na maswali ni yaleyale. Mada nitoe wapi, niongee na watu wangapi, nirekodi na nini, wazee watakubali kweli, na nikishapata hizo sauti nazifanyia nini. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa hivo nimeyaweka yote hapa, akija mwingine kukuuliza we mtumie tu hii.

Mifano yangu mingi ni ya Kimvita, lahaja ya hapa Mombasa, na mashairi manake ndo vitu vilivyo mlangoni kwetu. Ukiwa unatafiti Kidigo, Kigiriama, lugha ya makanga wa Mwembe Tayari au vile mwalimu anavyofundisha insha darasani, hatua ni zilezile, badilisha tu watu na maswali.

KABLA HUJAANZA UWE NA HIVI

Simu yenye nafasi ya kutosha na apu ya kurekodi inayohifadhi sauti kwa WAV, si ile iliyokuja na simu inayobana sauti. Hesabu yake ni kama MB 5 kwa dakika moja ukirekodi chaneli moja, yaani saa nzima inakula zaidi ya MB 300, kwa hivo zile video za harusi zitoe kwanza.

Maiki ndogo ya kubana kwenye shati. Hata ya bei rahisi inashinda maiki ya simu iliyowekwa mezani.

Earphone. Hizi watu wanazisahau kila mara na ndo zinazokuokoa, manake huwezi kujua unarekodi upuuzi mpaka usikilize.

Daftari na kalamu. Ndio, hata kama una simu.

Laptopu, ya kuazima pia inafaa. Weka programu tatu, zote za bure: Audacity ya kukata na kusafisha sauti, ELAN ya kuandika maneno yakiwa yamefungwa na sauti yake, na Praat kama unataka kupima matamshi. Ukiweza ongeza Zotero ya kutunza marejeo yako, utanishukuru siku ya kuandika bibliografia.

Sehemu mbili za kuhifadhi kazi, zisiwe kwenye begi moja.

Na cha mwisho ambacho hakiuzwi dukani, mtu wa kukutambulisha. Nitakifikia.

HATUA YA 1: Lipunguze swali

Anayeanza karibu kila mara ananiletea kitu kama "Athari za Kiingereza kwa Kiswahili katika kaunti ya Mombasa". Hiyo si mada ya utafiti wa miezi mitatu, hiyo ni kazi ya watu ishirini mpaka wazeeke. Punguza mtaa, punguza watu, punguza kitu unachosikiliza. Kwa mfano: bibi, mama na binti wa nyumba tano za Kibokoni, nani anasema ndia na nani anasema njia? Basi. Swali lote limeisha kwa pumzi moja na unajua kesho uende wapi.

Kwa fasihi pia ni hivohivo. Usiniambie "dhamira katika mashairi ya Mombasa". Niambie unachukua mashairi kumi ya mtu mmoja unaangalia anavyovitumia vina vya kati. Kwa ufundishaji, chukua insha za darasa moja, kosa la aina moja tu, tuseme upatanisho wa ngeli ya LI-YA, uhesabu linatokea wapi na baada ya neno gani.

Kipimo changu ni hiki: mwambie swali lako mtu aliyekaa nawe barazani ambaye hajasoma isimu hata siku moja. Akikujibu "aa, hilo nami nataka kujua", endelea. Akisema "mm, hongera", rudi ukapunguze tena.

HATUA YA 2: Soma kidogo, si vyote

Usikae miezi miwili maktaba ukiogopa kutoka nje. Soma vitu vitatu vinne vinavyogusa swali lako na utoke. Kwa Kimvita kuna utajiri wa zamani ambao wengi hawaugusi. Krapf, mmishonari Mjerumani, alifika Mombasa 1844, na kamusi yake iliyochapishwa 1882 imejaa maneno ya hapahapa, na imeskaniwa iko bure kwenye intaneti. Tahajia yake itakuchosha lakini vumilia, soma kwa sauti utazoea. Mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa zamani wa hapa Mombasa, nayo tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kuyaandika akishirikiana na mmishonari Taylor, halafu Hichens akayachapisha 1940. Ukiwa na neno unalolisikia kwa bibi wa leo na ukalikuta kwa Muyaka, hapo una kitu cha kusema.

Hati nyingi za Taylor ziko chuo cha SOAS, London. Hapa nyumbani anzia Fort Jesus, ambayo iko chini ya Makumbusho ya Taifa, uliza habari za RISSEA, taasisi yao ya utafiti wa Kiswahili, na nenda ukiwa na swali lako limeandikwa kwenye karatasi. Ukifika na "natafuta chochote kuhusu Waswahili" utapewa chochote.

HATUA YA 3: Karatasi

Hatua hii haina utamu lakini ukiiruka itakurudia. Kenya utafiti unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya serikali ya mambo ya sayansi, unaiomba kwenye mtandao, na kabla ya hapo chuo chako kinatakiwa kikupe barua na mara nyingi kibali cha kamati ya maadili. Leseni ikitoka hujamaliza, unatakiwa ujitambulishe kwa ofisi za kaunti kabla ya kuanza, na kama unaingia shule basi mkurugenzi wa elimu wa kaunti ajue, kisha mwalimu mkuu, kisha wazazi kama wanafunzi ni watoto. Kama yako ni kazi ndogo ya darasani muulize msimamizi wako kwanza anataka kipi na kipi, usianze kukimbia ofisini bure.

Halafu kuna sheria ya kulinda data ya 2019. Kwako wewe maana yake ni kwamba sauti ya mtu na jina lake ni mali yake. Mwambie unarekodi kwa nini, nani atasikia, itakaa wapi, na kwamba anaweza kukataa sasa hivi au hata mwezi ujao. Wazee wengi hawapendi kutia sahihi karatasi, wana sababu zao, ardhi za watu zimeondoka kwa karatasi. Kwa hao rekodi ridhaa yao kwa mdomo mwanzo wa sauti, ila hilo uwe umeliandika kwenye ombi lako tangu mwanzo.

HATUA YA 4: Tafuta wa kukupeleka

Huwezi kushuka kwenye tuktuk Kuze ukabisha hodi nyumba ya watu na maiki mkononi. Tafuta mtu wa pale. Mjukuu, imamu, mwalimu wa madrasa, muuza kahawa, yeyote anayejulikana na mlango unaotaka kuingia. Siku ya kwanza usirekodi. Nenda ukasalimie, ukae, unywe kahawa, uulizwe kwenu wapi na baba yako nani, ujibu vizuri, uondoke. Najua una muda mchache, lakini ile siku moja ya kukaa bure itakupunguzia tatu za kusumbuka.

Kama wewe ni mwanamume na unataka nyimbo za wanawake, vugo na mengineyo ya harusi, tafuta dada yako au mwanafunzi mwenzio wa kike aende yeye. Na kuna mengine yanaimbwa wanawake wakiwa peke yao na si ya kutoka nje ya chumba kile. Ukiambiwa zima simu, zima. Kweli zima, usiiweke mfukoni ikiendelea.

Pesa? Swali hili linakuja sana. Mimi silipi mahojiano manake ukilipa mmoja mtaa mzima unajua na watu wanaanza kukupa wanachodhani unakitaka. Lakini mkono mtupu pia si adabu, peleka sukari, majani ya chai, tende kama ni Ramadhani. Na ukimaliza rudi na nakala ya sauti. Hiyo ndo zawadi wanayoikumbuka, familia ikibaki na sauti ya babu yao.

HATUA YA 5: Jaribu mitambo nyumbani

Rekodi dakika tano chumbani kwako, feni ikizunguka kisha ikiwa imezimwa, usikilize kwa earphone. Nakuomba ufanye hili. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilikaa na mzee mmoja alasiri nzima, mambo anayoyasema ni dhahabu tupu, na feni iko juu ya vichwa vyetu. Masikio yangu hayakuisikia hata kidogo kwa sababu ukizaliwa Mombasa feni huisikii, ni kama pumzi. Maiki ilisikia feni peke yake.

Weka WAV, 44.1 kHz, biti 16. Weka simu kwenye hali ya ndege ili isiite katikati. Chaji ijae, stima inaweza kupotea wakati wowote. Na jua saa za adhana za msikiti wa jirani, si kwa ajili ya kelele tu, mzee atataka kwenda kuswali na wewe utakua umemchelewesha.

HATUA YA 6: Siku ya kurekodi

Hapa ndo kazi yenyewe ilipo, na kosa kubwa kuliko yote ni kuuliza neno moja kwa moja. Ukimuuliza mtu "bibi, wewe unasema njia au ndia?" atakaa vizuri, atakuangalia begi lako la chuo, na atakwambia "njia, mwanangu". Kisha utatoka nje na utamsikia akimuita mjukuu wake: "We, ndoo hapa!", yaani njoo. Wala hajakudanganya, amekujibu vile mwalimu wake alimfundisha kujibu.

Kwa hivo usilitaje neno, tengeneza mahali ambapo lazima alitaje yeye. William Labov, mwanaisimu wa Marekani, 1962 alizunguka maduka makubwa New York akiuliza kitu ambacho anajua kabisa kiko ghorofa ya nne, ili ajibiwe "fourth floor" na asikie muuzaji anavyotamka r ya Kiingereza katika hayo maneno mawili, halafu anajifanya hajasikia, muuzaji anarudia kwa makini, hapo ana matamshi mawili ya mtu mmoja, la haraka na la kujichunga. Akili nyepesi na kali. Sisi tofauti yetu ni kwamba tumeshasema tunarekodi, lakini si lazima useme unasikiliza sauti gani, sema tu unataka kujua mazungumzo ya hapa.

Za hapa kwetu zinazofanya kazi:

Muulize akuelekeze. "Kutoka hapa mpaka feri ya Likoni nikitaka kwenda kwa miguu nipite wapi?" Ndia zitamiminika.

Muombe akufundishe kupika. Mama akieleza vile anavyoosha mtele na anavyounga mtuzi wa samaki hakumbuki tena kama kuna maiki. Na utapata vitenzi ambavyo hukuviwazia.

Muulize kisa cha utotoni, hasa alipochapwa au alipokaribia kuzama. Mtu akisimulia hofu lugha ya skuli inamtoka.

Muonyeshe picha, kaa la makaa na kaa wa baharini, paa la nyumba na paa mnyama. Msemaji wa Kimvita hayatamki sawa, paa mnyama anatoka na pumzi na kaa wa baharini vilevile, la nyumba na la makaa hapana. Vijana wengi wa leo wanayachanganya, na hilo lenyewe ni swali zuri la utafiti kama bado unatafuta.

Dakika ishirini mpaka nusu saa zinatosha kwa kikao. Zile dakika kumi za mwanzo usizitegemee sana, mtu bado anaongea kama yuko redioni. Usimkatize, na usiitikie "ee, ee" kila sekunde manake ile "ee" yako itakaa juu ya neno unalolitaka, itikia kwa kichwa. Akitokea jirani akajiunga usikasirike, wakianza wawili kubishana hapo ndo Kimvita chenyewe.

Kuna jambo la kuelewa kuhusu wazee wetu na sanifu. Mkutano uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika 1928, na ulifanyika hapahapa Mombasa, yaani Kimvita kilikosa nafasi kikiwa nyumbani kwao. Kuna wanaolibeba bado. Kwa hivo ukiingia na "hiyo ni lahaja, mzee, sanifu ni hivi", umeshafunga mlango. Wewe ndo umekuja kufundishwa.

Kwenye daftari andika hapohapo: umri, alizaliwa mtaa gani, wazazi walitoka wapi, alisoma mpaka wapi, ameishi nje ya Mombasa miaka mingapi, na nani mwingine alikuwepo chumbani. Hili la mwisho watu hawaliandiki na lina uzito, mtu haongei na mkwewe anavyoongea na dada yake.

HATUA YA 7: Usiku uleule

Kabla hujalala hamisha sauti kwenye laptopu na sehemu ya pili. Faili ipe jina linaloeleweka bila kutaja mtu: mtaa, jinsia, umri, namba, mfano KBK_K68_01. Orodha ya majina halisi ikae faili nyingine, iliyofungwa. Na usitume sauti kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti, inabanwa na zile pumzi za paa na kaa ndo za kwanza kuumia. Ukilazimika itume kama dokumenti.

HATUA YA 8: Kuandika ulichosikia

Jipangie muda. Saa moja ya mazungumzo mimi inanichukua siku nzima na zaidi, na wewe unayeanza itakua zaidi. Ndo maana nasema rekodi kidogo. Mtu mwenye saa thelathini za sauti hajawahi kumaliza, niko na mifano na mmoja ni mimi.

Fungua ELAN, ingiza sauti, tengeneza mstari wa kila msemaji. Kata vipande vifupi vifupi, sentensi moja moja, kisha andika. Sheria ni moja na nikikukuta umeivunja tutakosana: USIMSAHIHISHE MTU. Amesema ndia, andika ndia. Amesema kitwa, andika kitwa. Amesema n'takwenda, usiandike nitakwenda. Amesema yuaja, usimpe anakuja. Mkono wako una miaka kumi na mbili ya skuli, utasahihisha bila kujua, kwa hivo ukimaliza rudi tena usikilize kila sentensi ukiwa na shaka na wewe mwenyewe. Ukitaka sanifu iwepo kwa ajili ya msomaji wa mbali, iweke kwenye mstari wa chini yake peke yake.

Ile pumzi ya paa amua unaiandikaje na usibadilishe. Mimi naweka alama: p'aa, k'aa. Wengine wanaandika h lakini h inakuja kugongana na kh ya kheri na ukifika ukurasa wa thelathini hujui tena ipi ni ipi. Na t za Kimvita ni mbili, moja ulimi unagusa meno nyingine unagusa ufizi. Kama hukulelewa Mombasa huenda usizisikie kabisa, usibahatishe, kaa na mtu wa hapa akusikilizie, au pima kwa Praat.

HATUA YA 9: Kama kazi yako ni mashairi

Hapa kusahihisha kunaua kabisa. Tazama hii, nimeitunga mwenyewe kwa mfano tu, mimi si malenga msinicheke:

Naliiona kwa mato, ndia ikavuka mto,
Nikaubeba uzito, na moyo kuwaka moto.

Sasa mwanafunzi mwenye bidii anakuja anaweka "macho" badala ya "mato" kwa sababu ndo Kiswahili cha kitabuni. Kina cha kati kimekufa, kisha anaandika kwenye uchambuzi kwamba "mtunzi hakuzingatia vina". Mtunzi masikini! Nimeyaona haya kwenye kazi za watu, mshairi analaumiwa kwa kosa la mchapaji.

Kuhesabu mizani hesabu kwa sikio, si kwa herufi. M na n inayosimama peke yake ni mizani: m-to ni mbili, m-tu ni mbili, n-chi ni mbili, n'-ta-kwe-nda ni nne. Lakini ndugu ni mbili tu, ile n imeshikana na d, na ngoma ni mbili. Hesabu mstari wangu wa juu, nane na nane, kumi na sita. Ukipata kumi na tano kwa malenga anayejulikana, kwanza jishuku wewe, kisha umshuku aliyechapa, yeye mtunzi awe wa mwisho.

Ukiletewa hati ya zamani ya herufi za Kiarabu, usiharakishe. Maandishi yale hayatofautishi i na e, wala u na o, alama ni moja. Herufi ya b mara nyingine ni b, mara p, mara mb. Kwa hivo neno moja lililoandikwa linaweza kusomeka namna tatu nne, na anayeamua ni mizani, kina, na mzee anayelijua shairi kwa moyo. Andika kwanza herufi kwa herufi ilivyo, kisha chini yake usomaji wako, ili mwingine akipinga aone ulipokwenda. Picha za hati piga kwa mwanga wa dirishani, flashi hapana, na karatasi isitoke nyumbani kwa wenyewe hata ukipewa. Hasa ukipewa.

HATUA YA 10: Hesabu, kisha useme

Chora jedwali. Kila msemaji mstari wake, mara ngapi ndia, mara ngapi njia, na alikua anaongea na nani. Angalia ndani ya mtu mmoja kwanza. Mara nyingi utakuta si kwamba fulani ni wa ndia na fulani ni wa njia, ni kwamba mama huyohuyo anasema ndia kwa dada yake na njia kwako. Hapo ndo utamu.

Tafadhali watu watatu usiwafanyie asilimia. "Asilimia 66.7 ya wahojiwa" wakati ni Bi fulani na dada yake! Sema wawili kati ya watatu. Na usiseme "Wamombasa wanasema", sema hawa niliowasikiliza, Kibokoni, mwaka huu. Ukimaliza tuma ripoti kunakotakiwa na leseni yako, na peleka nakala kwa uliowarekodi.

MAMBO YAKIENDA MRAMA

Mzee anaongea sanifu tupu kama msoma habari. Wewe ndo sababu. Mlete rafiki yake wa rika lake, waache waongee wao, wewe kaa pembeni na kahawa yako.

Kelele imejaa kwenye sauti. Audacity inaweza kupunguza kidogo, lakini hiyo iliyosafishwa ni ya kusikilizia na kuandikia tu. Ukipima kwa Praat tumia ile ya asili. Ikiwa haisikiki kabisa rudi ukaombe kikao kingine, useme ukweli kwamba uliharibu wewe. Mimi yule mzee wa feni nilirudi, akacheka sana, na kisa cha pili kilikua kirefu kuliko cha kwanza.

ELAN inasema haioni sauti. Umehamisha faili. Weka sauti na faili ya ELAN kwenye folda moja na usizitenganishe tena. Ikiwa simu ilihifadhi m4a, igeuze iwe WAV kwanza.

Neno hulielewi na kamusi haina. Andika ulivyosikia, weka alama ya kuuliza, mrudie aliyelisema. Ukimuuliza mwingine utapewa maana yake yeye.

Wewe na mwenzio mmeandika tofauti. Sikilizeni pamoja bila kuambiana, kila mtu aandike tena. Mkizidi kutofautiana acheni wazi, semeni hapa hapasikiki.

Matokeo hayafanani na ulivyotarajia, vijana wanasema ndia kuliko mama zao. Usiyapindishe! Rudi usikilize, hakikisha, kisha yaandike kama yalivyo. Msimamizi atakuuliza kwa nini, mwambie hujui bado.

Mtu amebadilisha mawazo baada ya kurekodiwa. Usimbembeleze wala usimuulize sababu. Futa mbele yake, kwenye simu, kwenye laptopu, na ile sehemu ya pili, kisha msalimie ukipita siku nyingine kama kawaida.